Nihamie lugha gani baada ya Python? Jibu kwa anayependa kuchora kwa kodi

Swali

Shikamoo Mwalimu. Nimejifunza Python na sasa naandika programu ndogo ndogo bila shida. Kinachonivuta zaidi ni michoro: napenda kuona maduara, mawimbi na maumbo yanayozunguka yakitokea kwenye skrini kwa kodi niliyoiandika mwenyewe. Marafiki wananishauri nihamie C++, wengine Rust, wengine JavaScript, na kila mmoja ana sababu zake. Mmoja ameniambia michoro hii ni mchezo tu, haitanifikisha popote, bora nijifunze mambo ya kazini. Wewe umepitia lugha nyingi. Ulizipitiaje, na ungekuwa mimi ungefanya nini?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Baki na Python kwa sasa, na michoro usiiache. Chagua mchoro mmoja ulio mgumu kuliko yote uliyokwisha kuifanya, uung'ang'anie mpaka ufike mahali ambapo Python inakushinda kwa sababu unayoweza kuitaja kwa sentensi moja. Sababu hiyo ndiyo itakayokuonyesha lugha inayofuata. Marafiki zako wanazijua lugha wanazozisifia, lakini hawajui unataka kuona nini kwenye skrini. Hilo unalijua wewe.

Umeniuliza nilizipitiaje, basi nitakusimulia, maana karibu kila lugha ninayoijua vizuri niliiingia kwa mlango huo huo: kulikuwa na picha niliyoitaka, na lugha niliyokuwa nayo haikuweza kunifikisha.

Ya kwanza ilikuwa BASIC. Ilitungwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, na John Kemeny na Thomas Kurtz, waliotaka hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta. Niliyoikuta mimi ni toleo la baadaye lenye amri za michoro: LINE ya kuchora mstari, CIRCLE ya duara, PSET ya kuwasha nukta moja. CIRCLE ilinichosha upesi kwa sababu ilifanya kila kitu yenyewe. Nilipochora duara kwa PSET, nikitafuta x kwa cos na y kwa sin huku pembe ikiongezeka kidogo kidogo, ndipo trigonometria ilipoacha kuwa jedwali la kukariri. Ukizidisha pembe ya x kwa 3 na ya y kwa 2, duara linageuka kuwa fundo la mistari inayopishana, maumbo yanayobeba jina la Lissajous, mwanafizikia Mfaransa wa karne ya 19. Jaribu leo kwa Python. Ni mistari michache ya kodi, na utakesha ukibadilisha namba.

Tena usiidharau moduli ya turtle inayokuja na Python. Asili yake ni lugha ya Logo ya mwaka 1967, kazi ya Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon. Kobe anayekwenda mbele na kugeuka huku amebeba mwelekeo wake mwenyewe anakufundisha kuuona mchoro ukiwa ndani yake, jambo ambalo x na y peke yake hazikufundishi.

BASIC ilinishinda kwenye seti ya Mandelbrot, picha ambazo Benoit Mandelbrot alianza kuzitoa kwa kompyuta mwaka 1980 akiwa kwenye kampuni ya IBM. Kanuni yake ni fupi ajabu. Chukua namba changamano c, yaani namba yenye sehemu mbili, inayowakilisha nukta moja ya skrini. Anza na z ikiwa sifuri, kisha rudia: zidisha z kwa z, ongeza c. Umbali wa z kutoka sifuri ukishapita 2, haitarudi tena. Hapo hesabu umerudia mara ngapi, na uipe nukta rangi kufuatana na hesabu hiyo. Ikiwa haijapita baada ya mara 100, tuseme, ipake nyeusi. Skrini ya 320 kwa 200 ina nukta 64,000, kwa hiyo picha moja inaweza kudai marudio hadi milioni 6.4. BASIC niliyokuwa nayo iliusoma na kuutafsiri kila mstari upya kila ilipoupitia, na kukuza kona moja ya picha ili kuiona kwa karibu kulikuwa ni kusubiri kusikokwisha.

Hapo nikahamia Pascal. Niklaus Wirth aliitoa mwaka 1970 kwa nia ya kufundishia, na Turbo Pascal ya mwaka 1983 ikaieneza kwenye kompyuta ndogo. Kompaila yake iliandikwa na Anders Hejlsberg, huyo huyo aliyekuja kuongoza usanifu wa C# na TypeScript. Kompaila huitafsiri programu nzima kwa lugha ya prosesa kabla haijaanza kwenda, na tofauti ya kasi niliiona kwa macho. Nikapata na kitu ambacho sikukifuata: Pascal hukulazimisha useme mapema kama kigeu ni namba nzima au ni ya desimali. Ukiikuza Mandelbrot vya kutosha utaona uzito wa jambo hilo. Namba za desimali za biti 64, ambazo ndizo Python yako inazitumia pia, hubeba tarakimu 15 hadi 17 zenye maana. Ukishakuza mara trilioni kumi hivi, nukta mbili zilizo jirani kwenye skrini hupata thamani ile ile ya c, na picha inavunjika kuwa vibao. Kikomo cha namba za kompyuta, ambacho watu wengi hukisoma kwenye vitabu na kukisahau, unakitazama kikiwa na rangi.

Pascal ndiyo iliyonifikisha pia kwenye kumbukumbu ya skrini, na hapa naomba nikae kidogo. IBM ilitoa VGA, mfumo wa kuonyesha picha kwenye skrini ya kompyuta, mwaka 1987. Mojawapo ya hali zake za michoro, iliyojulikana kwa namba yake 13h, ilikuwa na nukta 320 kwa 200 na rangi 256, na kila nukta ilikaa kwenye baiti moja. Jumla ni baiti 64,000, zinazoenea ndani ya kipande kimoja cha kumbukumbu cha baiti 65,536, na kipande hicho kilianza kwenye anwani iliyojulikana na kila mtu, A000. Kati yako na skrini hapakuwa na maktaba yoyote, yaani kodi iliyokwisha kuandikwa na wengine. Ulizidisha y kwa 320, ukajumlisha x, ukaandika namba kwenye baiti hiyo, na nukta ikawaka. Kwa kuwa kuzidisha kulikuwa kazi nzito kwa prosesa za wakati ule, na 320 ni 256 kujumlisha 64, tuliandika kuzidisha huko kwa kusogeza biti nafasi nane, kisha nafasi sita, na kujumlisha majibu.

Rangi zilikuwa na uzuri wake. Namba uliyoiandika kwenye baiti ilikuwa nafasi tu katika paleti, yaani orodha ya rangi 256, zilizochaguliwa kutoka rangi 262,144, kila moja ikiwa na kiasi cha nyekundu, kijani na bluu kati ya 0 na 63. Paleti nzima ni baiti 768. Ukiizungusha bila kugusa nukta hata moja, picha iliyotulia inaanza kutiririka kama maji au kuwaka kama moto. Mfumo huo hauonekani sana kwenye mashine za leo, lakini wazo la kutenganisha data na namna inavyoonyeshwa nimelitumia tangu hapo kwenye programu zisizo na mchoro hata mmoja.

Na mstari je? Kuchora mstari mlalo ni rahisi, ila wa mshazari unahitaji uamue, kila unapopiga hatua moja kwa x, kama y nayo ipande au ibaki. Jack Bresenham alipata jibu mwaka 1962 akiwa IBM, likachapishwa mwaka 1965: beba kosa dogo linaloongezeka kila hatua, na likizidi kiwango, y ipande na kosa lipunguzwe. Kinachotumika ni kujumlisha, kutoa na kulinganisha namba nzima basi. Iandike mwenyewe hata kama maktaba unayoitumia inayo tayari. Sina mchoro mwingine mdogo unaofundisha kiasi hicho kuhusu kubana kazi mpaka ibaki ile ya lazima tu.

Nikatamani mchemraba unaozunguka, na C ndiyo lugha iliyonifaa. Dennis Ritchie aliitengeneza kwenye maabara ya utafiti ya Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo ndiyo iliyo karibu zaidi na mashine kati ya lugha ninazozipenda. Mchemraba una kona 8 na kingo 12. Unazungusha kila kona kwa sin na cos, kisha unagawa x na y kwa z. Kugawa kwa z ndiko kunakofanya vilivyo mbali vionekane vidogo. Mtazamo wote wa kina, ambao wachoraji walihangaika nao kwa karne nyingi, uko kwenye tendo hilo moja. Ukitaka kuzijaza nyuso rangi, swali linakuwa ni uso upi uko mbele. Kupanga pembetatu kutoka ya mbali hadi ya karibu kunatosha mpaka pale pembetatu mbili zinapoingiliana. Dawa yake ni kuweka, kwa kila nukta ya skrini, umbali wa kitu cha karibu zaidi kilichokwisha kuchorwa hapo, na kukataa chochote kilicho nyuma yake. Edwin Catmull aliieleza mbinu hiyo katika tasnifu yake ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Utah mwaka 1974, na kadi za michoro za leo bado zinaitumia. Ndani ya C nilijifunza kumbukumbu kwa adabu, maana C haikuzuii kuandika nje ya mipaka ya orodha yako. Inakuacha, na matokeo unayakuta mahali pengine kabisa.

Java niliipitia kwa ajili ya kazi. Ilinipa mpangilio mzuri wa programu kubwa, ila hakuna picha niliyoitaka kwa ajili yake, na nadhani ndiyo sababu haikunikaa.

Sasa nifike kwenye mradi ninaotaka uufanye wewe. Mwaka 1980 Turner Whitted wa Bell Labs alichapisha makala iliyoonyesha jinsi ya kupata vivuli, vioo na vitu vinavyopitisha mwanga kwa kufuata miale kutoka kwenye jicho kuingia kwenye eneo la tukio. Unasimamisha kamera. Kwa kila nukta ya picha unarusha mwale mmoja na kuuliza umegonga nini. Umbo rahisi kuliko yote kwa swali hilo ni tufe. Mwale ni mahali ulipoanzia, kujumlisha mwelekeo uliozidishwa kwa t. Tufe ni nukta zote zilizo umbali sawa kutoka kitovu. Ukiingiza la kwanza ndani ya la pili unapata mlinganyo wa kipeo cha pili, ule ule wa sekondari wenye a, b na c. Ikiwa b² − 4ac ni hasi, mwale umepita pembeni. Ikiwa ni chanya, umeingia upande mmoja na kutokea wa pili, nawe unachukua t ndogo kuliko zote iliyo kubwa kuliko sifuri. Nilipoandika hayo kwa mara ya kwanza na duara jekundu likatokea kwenye faili, nilibaki nikilitazama muda mrefu, kwa sababu hakuna mahali popote nilipoandika neno duara.

Kisha mwanga. Chukua mshale unaosimama wima juu ya uso wa tufe pale mwale ulipogonga, na mshale mwingine unaoelekea kwenye taa, yote miwili ikiwa na urefu wa 1. Zidisha x kwa x, y kwa y, z kwa z, ujumlishe. Jibu ndilo kiasi cha mwanga, na likiwa hasi weka sifuri, kwani upande huo umeipa taa mgongo. Kanuni hii ni ya Johann Heinrich Lambert, ya mwaka 1760, na inaligeuza duara bapa kuwa tufe ambalo unahisi unaweza kulishika. Kivuli ni mwale wa pili kutoka pale ulipogonga kuelekea kwenye taa: ukikuta kitu njiani, hapo pana giza. Kioo ni mwale wa tatu, ambao mwelekeo wake ni D − 2(D·N)N, D ikiwa mwelekeo uliokuja nao, N ule mshale wa wima, na D·N ile hesabu ya kuzidisha x kwa x, y kwa y, z kwa z na kujumlisha. Unaiita fankisheni ile ile irudie kazi kutoka hapo, kwa kikomo cha marudio ulichokiweka.

Utakapoweka vivuli, picha yako itajaa vidoadoa vyeusi. Inampata kila mtu. Mwale wa kivuli unaanzia juu ya tufe, lakini kwa sababu ya zile tarakimu chache za desimali, mara nyingine unaanzia ndani yake kwa kiasi kidogo sana, na tufe linajitia kivuli lenyewe. Ukisogeza mwanzo wa mwale nje kidogo, tuseme kwa 0.001, vidoadoa vinaondoka. Ona jinsi kikomo kile kile cha Mandelbrot kinavyorudi kikiwa na sura nyingine. Ukishakiona mara ya pili hukisahau tena.

Huhitaji maktaba yoyote ya michoro kwa hili. Kuna aina ya faili za picha iitwayo PPM ambayo ni maandishi matupu: unaandika P3, halafu upana na urefu, halafu 255, kisha namba tatu tatu za nyekundu, kijani na bluu kwa kila nukta. Programu nyingi za kutazamia picha huifungua. Amri ya print inatosha.

Mradi huo niliufanya kwa C++, lugha ambayo Bjarne Stroustrup aliianza mwaka 1979 juu ya C na kuitoa rasmi mwaka 1985. Sababu yangu ilikuwa wazi. Kwa C, kujumlisha vekta mbili, yaani ile mishale yenye x, y na z, ni kuita fankisheni, na kanuni ya kioo inageuka mabano ndani ya mabano. C++ inakuruhusu useme alama ya kujumlisha ina maana gani kwa vekta, na kodi ikasomeka kama hesabu yenyewe bila kupoteza kasi. Python nayo inakuruhusu, kwa kuandika `__add__` na `__mul__` ndani ya klasi yako. Kwa hiyo hili halitakutoa kwenye Python.

Kitakachokutoa ni muda. Picha ya 800 kwa 600 ina nukta 480,000. Ukiwa na matufe 10 hayo ni maswali milioni 4.8 ya mlinganyo wa kipeo cha pili kabla hujarusha mwale mmoja wa kivuli, na lupu ya Python itakuacha ukisubiri. Ukifika hapo usikimbie bado. Pima kwanza kwa cProfile, iliyomo ndani ya Python, uone muda unaishia wapi. Halafu jaribu kuandika upya kwa NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za orodha kubwa, ambapo hushughulikii mwale mmoja mmoja, unashughulikia orodha ya miale yote 480,000 kwa tendo moja. Kasi itapanda sana, lakini kinachonifanya nikusisitizie ni namna ya kufikiri utakayoipata, kwa maana ndiyo utakayoihitaji kwenye kadi ya michoro.

Kadi ya michoro ilinibadilisha kuliko lugha yoyote. Programu ndogo zinazoendeshwa humo huitwa sheda, na lugha ya GLSL iliingia rasmi mwaka 2004 kwenye OpenGL 2.0, toleo la mfumo wa kuiamuru kadi ya michoro. WebGL ikaileta ndani ya kivinjari mwaka 2011. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Mara 60 kwa sekunde, ni zaidi ya nukta milioni 124 zinazohesabiwa kila sekunde, na kila moja inaendesha sheda yako bila kujua jirani yake amepata jibu gani. Huwezi kusema "chora duara hapa". Unajiweka mahali pa nukta na kujiuliza: mimi niko hapa, je, niko ndani ya duara? Umbali wangu kutoka kitovu, kutoa nusu kipenyo. Ikiwa hasi, niko ndani. Wazo hilo la umbali linakwenda mbali kuliko linavyoonekana. Ukichukua ndogo kati ya umbali wa maumbo mawili, umeyaunganisha. Ukichukua kubwa, umebakisha pale yanapokutana. John Hart alieleza mwaka 1996 jinsi mwale unavyoweza kusonga hatua kwa hatua kwa kutumia umbali huo huo bila kuruka kitu chochote. Ukiongeza kelele laini ya Ken Perlin, yaani namba za kubahatisha zinazobadilika taratibu, aliyoichapisha mwaka 1985 na iliyompatia tuzo ya kiufundi ya Academy ya Marekani, ile ya tuzo za Oscar, mwaka 1997, unapata mawingu, marumaru na milima kutoka kwenye kodi isiyofika ukurasa.

JavaScript niliiingia kwa sababu nilitaka watu wazione picha zangu kwa kubofya kiungo. Kwenye turubai ya kivinjari unapewa orodha moja ndefu ya baiti, nne kwa kila nukta, na anwani ya nukta ni y mara upana, kujumlisha x, kisha jumla hiyo yote mara 4. Unaikumbuka? Ni ile ile ya VGA. Kompyuta ile haipo tena, Turbo Pascal haitumiki tena, na hesabu ile imebaki. Nikiambiwa kujua lugha ya zamani ni kupoteza muda, huwa nafikiria mstari huo mmoja wa kodi.

Rust, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015, niliichukua kwa ajili ya kuigawa picha kwa viini vyote vya prosesa, kila kiini kikipewa mistari yake ya kuhesabu. Kwenye C++ unaweza kuruhusu sehemu mbili za programu ziandike kwenye kumbukumbu ile ile kwa wakati mmoja na usijue mpaka picha iharibike mara moja kati ya nyingi. Kompaila ya Rust hukataa kodi ya namna hiyo kabla haijaendeshwa. Nilijifunza Rust kwa kuandika upya programu yangu ile ile ya miale na matufe, na huo ndio ushauri ninaoupenda kuliko yote katika barua hii: beba mradi mmoja kutoka lugha hadi lugha. Fundi akishona gauni lile lile kwa vitambaa tofauti, hutambua upesi kitambaa kipi kinavutika na kipi kinachanika. Hesabu zote nilikuwa nazijua, na picha sahihi nilikuwa nayo ya kulinganishia, kwa hiyo kila nilichokwama nacho kilikuwa ni Rust yenyewe. Ukianza lugha mpya na mradi mpya kwa pamoja, hutajua kinachokushinda ni kipi.

Nirudi kwa rafiki yako anayesema ni mchezo. Ninamwelewa, anakutakia kazi. Lakini angalia unachofanya unapochora. Picha ikitoka kichwa chini, umesahau kwamba kwenye skrini y huongezeka kwenda chini. Ikilala mshazari kama iliyovutwa pembeni, umekosea upana wa mstari mmoja kwenye kumbukumbu. Nyekundu na bluu zikibadilishana, umesoma baiti kwa mpangilio usio wake. Sehemu yenye mwanga mkali ikiwa na doa jeusi katikati, namba imepita 255 na kurudi sifuri. Ikiwa giza kuliko ulivyotarajia, umeandika kiasi cha mwanga moja kwa moja bila kukirekebisha kwa ajili ya skrini: katika mfumo wa rangi wa sRGB, nusu ya mwanga huandikwa 188 hivi, wala si 128. Makosa ya mipaka, ya mpangilio wa data, ya namba zinazofurika na ya vipimo vilivyochanganywa ndiyo yale yale yanayovuruga programu za benki na za hospitali, ila huko yanajificha ndani ya majedwali. Kwenye michoro yanakutazama usoni. Programu nyingi nilizolipwa kuziandika hazikuwa na picha yoyote, na jicho la kuyatafuta makosa hayo nililipata kwenye matufe.

Anachosema kweli ni kwamba michoro haikufundishi kila kitu. Hifadhidata, mitandao, kuandika majaribio ya kodi na kufanya kazi na kodi ya watu wengine utavisoma pembeni, na Python itakubeba vizuri huko pia. Fanya yote mawili.

Ningekuwa wewe ningeanza hivi. Faili la PPM lenye rangi inayobadilika taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, ili kuhakikisha uandishi wa faili uko sawa. Halafu tufe moja lisilo na mwanga, halafu mwanga, kivuli, kioo, kwa mpangilio huo, ukihifadhi picha ya kila hatua. Halafu matufe mengi, mpaka usubiri uchoke. Pima, jaribu NumPy. Ukitoka hapo bado unataka kasi na unapenda kushika kumbukumbu kwa mikono yako, nenda C++. Ukitaka kutumia viini vyote bila wasiwasi, nenda Rust. Ukitaka picha inayosogea papo hapo na watu waione, nenda JavaScript na sheda za WebGL, na kwako wewe unayependa mawimbi na vitu vinavyozunguka, ningebashiri ndiko utakakoangukia. Vulkan, mfumo mwingine wa kuiamuru kadi ya michoro uliotoka mwaka 2016, iache kwanza. Ni nzuri na ina nguvu, lakini inadai mamia ya mistari ya kodi kabla ya kukuonyesha pembetatu ya kwanza, na wewe bado unahitaji kuona kitu kila unapokaa kwenye kiti.

Ukikwama kwenye mlinganyo wa tufe, niandikie, na uambatanishe picha iliyotoka pamoja na kodi, hata kama picha yenyewe ni nyeusi tupu. Kwanza kabisa nitaangalia kama kamera yako imeligeuzia tufe mgongo. Picha nyingi za kwanza zinazotoka nyeusi huwa hivyo kwa sababu hiyo.